Nati Nane

Wacha honi, Mwakio.
Nati nane za propela hazikazwi kwa kelele.
Zima injini, shuka, kaa kwenye gurudumu lile bovu,
kahawa ya Bi Time yaja, na kaimati tatu,
nami niko chini ya lori lako, mgongo juu ya katoni,
nalitazama tumbo kama daktari asiyeaminiwa.

Najua, najua. Mzigo ni ngano, Malaba yakungoja,
na foleni ya mizani Mariakani imeshamwagika barabarani.
Lakini hewa ya Changamwe ina chumvi, bwana,
na chumvi hula uzi wa nati
kama deni la dukani: huoni likikua.
Kila bolti nimeipiga brashi ya waya,
nikaifuta kwa kipande cha leso kuukuu
(jina lake limefutika, limebaki neno moja, *wenyewe*).
Kavu. Sikuitia mafuta.
Bolti yenye mafuta huidanganya spana,
hujifanya bado, kumbe imepita.

Zamani nilikaza kwa paipu.
Mita nzima ya bomba la maji, nikaning'inia nalo,
watu wakasema: hapo, hata jini hafungui.
Nikavimba kichwa.
Lori likapanda Mazeras. Katikati ya mlima
bolti niliyoivuta kuliko kiasi chake
ikakatika bila kulalamika,
ya pili, ya tatu,
propela ikachimba lami, lori likaanza kurudi nyuma.
Dereva alitoka mzima.
Tanboi wake, Karisa, alikuwa ameshuka
kuweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Nilipeleka unga na sukari kwao Rabai.
Mama yake alinipa kiti. Hakunipa neno.

Haikuwa kulegea, Mwakio. Ilikuwa kukaza.
Hilo watu hawalielewi hata ukilichora.

Ndipo nikanunua hii, spana ya kipimo,
kwa akiba ya miezi sita na redio ya mke wangu.
Ina namba shingoni, springi tumboni.
Unaiambia: mia na ishirini.
Ikifika inasema *ta*. Mara moja.
Ukiendelea, shauri yako.

Lakini hapa *ta* utaisikia wapi?
Trela zapita, welda wa jirani apiga chuma,
ndege yashuka Port Reitz na magurudumu nje,
na wewe na honi yako.
Basi namwachia Mwero.

Ndiyo, huyo huyo uliyemtukana asubuhi
ukadhani ana kiburi.
Hasikii, Mwakio. Tangu surua ya utotoni.
Mimi hungoja kelele zipite;
yeye hangoji kitu. *Ta* huipokea kwenye kifundo cha mkono,
akaacha papo hapo,
kama mtu aliyeguswa bega.

Mtazame. Moja, kisha ile inayoikabili,
hazunguki kama ngamia wa kinu.
Kwanza sitini zote. Kisha tisini.
Kisha mia na ishirini, na kila anayoimaliza
huipiga mstari mweupe wa rangi, kutoka nati hadi chuma.
Ukifika Voi ukashuka kujinyoosha, piga tochi:
mstari ukiwa umevunjika, usiende mbele. Nipigie,
hata saa nane ya usiku.

Bado, kaa.
Zote nane tayari, lakini spana
hairudi kashani mpaka airudishe chini, kwenye namba ya mwanzo.
Springi ikilala imekazwa, asubuhi husema uongo.
Hilo nilimfundisha mimi, kwa vidole.
Naye jioni moja, nimekaa hapo mlangoni
na Karisa yuko kichwani mwangu,
alikuja akanishika mabega yote mawili,
akazungusha mkono hewani kinyume cha saa,
taratibu,
mara tatu.

Haya. Washa.
Sasa piga honi utakavyo.
Ameweka kiganja kwenye bodi.
Ataisikia.