Mahali pa Chini

Kwanza tulidhani ni kiburi.
Mama alipita sokoni Kibaigwa, shingo imesimama,
akakanyaga nyanya za Mama Sechelela
na hakusema pole, maana hakuziona.

Kisha akaanguka kwenye ngazi za kanisa.
Kisha mlenda ukawa unamwagikia khanga,
na ungo, ule aliochagulia mawe ya mtama
tangu mimi sijazaliwa,
ukakaa mapajani kama ungo wa mtu mwingine.

Hospitali ya Mvumi, Daktari Mbwambo akainua kidole.
Kushoto: macho yakaenda.
Kulia: yakaenda, kwa uvivu.
Chini.
Chini, Bi Foibe.
"Si ndiyo natazama," mama akasema,
na macho yamegota kwenye kalenda ya duka la mbolea,
Juni iliyokwisha zamani.

Nikauliza habari ya miwani.
"Macho ni mazima. Kila jicho lina misuli sita,
yote ina nguvu. Lakini jicho ni la kutumwa.
Ndani ya ubongo, katikati, padogo kama punje ya uwele,
ndipo amri ya chini hutoka.
Kwa mama yako pamezimika."

Sikujua kwamba chini kuna mahali pake.
Sikuwahi kuuliza nani huyainua macho yangu nikisikia ndege,
nani huyashusha nikiona haya.

"Sasa mtazame mwanao," daktari akamwambia,
akamshika kidevu, akakiinua polepole
kama afunuaye chungu akihofia mvuke.
Uso ukaelekea dari.
Macho yakabaki kwangu.
Yalishuka! Yenyewe, hakuna aliyeyatuma.

"Hiyo ni njia nyingine, ya kale zaidi.
Inaanzia ndani ya sikio, kwenye mizani ya mwili.
Hiyo haiombi ruhusa."

Basi jioni, vumbi la mnada likitufikia hadi uani,
tunachagua mtama hivi:
mimi nanyanyua ungo hadi usawa wa pua yake,
mikono inanitetemeka,
naye anadonoa jiwe, jiwe, punje, jiwe.
Punje anairudisha kwa kunikemea, kana kwamba ni kosa langu.

Akichoka natua ungo, nashika kidevu.
Mama, nitazame.
Ananitazama, anashuka nami,
mpaka anachoka na kunitazama pia.
Kisha:
"Lile bati, msumari umetoka.
Mwambie Ndahani, kabla ya mvua."