Shilingi Juu ya Injini
(Gereji ya Badi, Shimanzi)

Silinda nne kwa safu, usukani hutetema,
Kioo huwa kipofu, huoni gari la nyuma;
Badi kaomba sarafu, kaweka wima, kahema:
Boneti ikawa dufu, shilingi ikayoyoma.

Akawasha ile sita, ndefu hadi miguuni,
Sarafu haikuteta, kama i msikitini;
Kona ikija, hujuta: uzito wote puani,
Wasema kata, yasita, yakutupa mikongeni.

Nipe ile ya kulala, ngumi kwa ngumi, mapacha,
Yatetema punje, ila hukata kona kwa ncha.
“Plagi,” kasema, “ni bala, hunichuna hadi kucha.”
Kesho Jomvu si kulala, mbio zaanza kukicha.
Shilingi yangu? Yalala kwenye safu; nimeacha.