Ritifaa

Zahanati ya Makangarawe, Jumatatu, saa mbili na robo,
karani anasoma skrini:
"Ng."
Benchi zima linatazamana.
"Ng yupo? Ng?"
Mwenye jina, Ng'washi Lubinza, muuza mkaa wa Yombo,
amekaa palepale, mtoto mgongoni, homa siku ya tatu,
anangoja kuitwa.
Aliitwa saa saba, kwa kidole.

Mimi nilikuwa nimekwenda kutengeneza printa.

Nikaomba nione. Mashine ilifika kwenye ile alama,
kile kijimkia cha juu, ritifaa,
ikadhani neno limekwisha, ikafunga mlango.
Washi akabaki nje.

Programu yenyewe ni huria, msimbo wake uko wazi
kama sufuria la shughuli:
yeyote anaruhusiwa kusogea na chumvi yake,
ila wapo wenye mwiko.

Usiku, chumbani kwangu Mwananyamala,
fundi wa chini alipozima mashine ya kuchomelea,
nikaanza kutafuta.
Mistari elfu arobaini na kitu,
na kosa limejilalia kwenye mmoja,
limetulia kama kunguni kwenye mshono wa godoro.
Nikachepusha tawi langu. Nikabadili herufi sita.
LUKU ikaisha.
Nikakopa kwa jirani, nikakopa na bando,
nikatuma, na maelezo mafupi:
"Kwetu ng' ni sauti moja. Ukiikata,
ng'ombe anakuwa ombe."

Siku ya nne akajibu Joonas, mwenye mwiko,
anakoishi jua linazama saa tisa alasiri.
Hakusema ahsante wala karibu. Aliuliza:
"Jaribio liko wapi?"

Nilinuna. Nilikula chipsi mayai nimenuna.
Kisha nikakubali: rekebisho lisilo na jaribio
ni ahadi ya fundi cherehani, njoo kesho.
Nikaandika:
ng'ombe, apite.
ng'ambo, ipite.
ng'oa isije ikawa ngoa,
maana moja ni kazi ya mikono, nyingine ni moto wa moyo.
Ng'washi, apite, na mtoto wake.

Yote kijani.
Joonas akaandika neno moja: "Imeingia."
Nikatoka nje kumtafuta wa kumwambia.
Alikuwepo mlinzi wa duka la nondo.
"Wanalipa shilingi ngapi?"
"Hawalipi."
Akacheka mpaka akakohoa,
akanimegea karanga zake.

Wiki mbili nilitembea nimevimba kichwa.
Kisha lalamiko jipya, kutoka Thika:
"Naitwa Ng'ang'a.
Zamani mashine iliniita Ng.
Sasa inaniita Ng'ang.
Tunasonga mbele, lakini bado sijafika."

Nilikuwa nimefungua mlango wa kwanza
nikasahau kuna majina yenye milango miwili.
Saa sita usiku nikayataja kwa sauti, peke yangu,
jirani akagonga ukuta:
king'ong'o,
kung'ang'ania.
Kung'ang'ania!
Hata neno lenyewe la kutokukata tamaa
lilikuwa linakatwa katikati.

Nikaomba radhi Thika. Nikachepusha tawi jingine.
Safari hii Ng'ang'a aliandika jaribio, mimi mstari,
na Joonas akalalamikia nafasi mbili
zilizobaki mwishoni mwa mstari bila kazi.
Nikazifuta. Nilikuwa nimeshamzoea.

Makangarawe bado wanatumia toleo la zamani.
Mwenye neno la siri yuko likizo Ifakara
na simu yake haipatikani.
Ila juzi nilipita, nikakuta karani
amebandika karatasi pembeni mwa skrini,
kwa gundi, kwa mwandiko wa haraka:
"Ukiona Ng, usiite.
Inuka, uliza."