Buruta, Uachie

Steshenari yetu ina upana wa mlango mmoja na nusu,
Mtaa wa Idrisa, Magomeni.
Feni inageuza shingo kama mtu anayekataa.
Bi Sikudhani kaingia na flashi, kaifunga pindoni mwa khanga,
pale watu wanapofunga noti.
"Picha za Mshamu. Kesho kutwa arobaini yake.
Ziingize kwako, lakini za kwangu zisiondoke."

Hazitaondoka, nikamwambia.
Nikabana kipanya kwa kidole cha shahada,
nikaziokota zote. Zikawa kivuli,
nyepesi, unaona hadi nyuma yake,
kama shuka lililofuliwa miaka,
na nilipoziburuta juu ya kioo
pembeni ya kishale kikachipuka kijumlisha
kidogo kama punje ya choroko.

"Hicho nini?"
Ndiyo ahadi yenyewe, mama.
Kikionekana, kitu kinazaa pacha.
Kisipoonekana, kinahama.

Na anayeamua si mimi.
Ni mashine, kwa sheria ambayo hakuna aliyenifundisha;
niliijua kwa hasara, kwa kadi za harusi ya watu.
Ndani ya diski moja, ukiburuta umehamisha,
ulikotoa panabaki peupe.
Ukivuka kwenda diski nyingine, umenakili:
huku kipo, kule kipo.
Cha karibu huondoka chote. Cha mbali hubaki.

Baba alihama kwetu kwenda Tandika.
Mji uleule, joto lilelile, luku ileile.
Akabeba mashati, redio, kiberiti,
hata msumari aliotundikia kofia akaung'oa.
Likabaki tundu.
Kaka Hilali alivuka kwenda Muscat,
na mpaka leo sahani yake inafunikwa kawa,
malapa yake yako mlangoni, mama anayapangusa kila Ijumaa,
na mgeni akiuliza mko wangapi humu ndani
Hilali anahesabiwa.

Kipo kitufe. Ukikishikilia kwa kidole cha mwisho
hata ndani ya diski moja kitu hakihami,
kijumlisha kinachipuka hapohapo.
Ila uachie kipanya kwanza, kitufe baadaye.
Ukitanguliza kitufe, umepoteza.
Siku ile nilimshika baba upindo wa shati,
kwa kidole hichohicho.
Sikumbuki nilitanguliza kuachia nini.

Bi Sikudhani anatazama mstari wa kijani ukijaa.
Picha mia mbili na kumi na sita.
Zimebaki dakika tatu, kioo kinasema. Kisha tisa.
Kisha moja,
mwongo kama fundi cherehani mkesha wa Idi.

Zilipokwisha, nikaanza kutenga za kusafisha,
folda hii kwenda ile, moja moja,
na jasho likanitoka kiganjani.
Kidole kikateleza katikati ya safari.
Mshamu kavaa msuli, anacheka, jino la pembeni limepanda mwenzake,
akadondoka ndani ya folda iliyojifungua yenyewe njiani:
VYETI VYA KUZALIWA, wateja wa wiki iliyopita.
Diski moja. Kijumlisha hakuna.

Yeye aliliona pengo kabla yangu.
"Kaenda wapi?"

Sikumjibu. Nikabonyeza vitufe viwili,
vile vya kutengua,
naye akarudi, jino na msuli,
mahali pake, kati ya Mshamu wa shule
na Mshamu wa kitambulisho.

Nikasubiri anigombeze.
Feni ikakataa kulia, ikakataa kushoto.
"Fanya tena," akasema.
Nifanye nini, mama?
"Hiyo ya kumrudisha."

Nje mtu alikuwa anagonga kaunta kwa sarafu,
anataka kutoa kopi.
Nikambana Mshamu kwa kidole,
nikamburuta taratibu hadi asipotakiwa,
nikamwachia,
ili arudi.