Futi Tano za Katikati

Barua ilikuja kwa rejista. Tarishi alingoja kizingitini
theluji ikimyeyukia mabegani.
"Wewe uliye ndani ya futi mia mbili," ilisema, "unajulishwa."
Nami, Normand Thibault, fundi mstaafu wa mitambo ya kufuma,
nikaisoma nimesimama, miwani iko juu ya friji.

Bibi Odília Furtado anaomba.
Kiwanja namba kumi na saba, upana futi ishirini na tano.
Kanuni yataka kumi ziachwe kila upande.
Toa kumi. Toa kumi.
Zabaki tano:
upana wa ushoroba, au wa kaburi
la watu wawili waliopendana.

Anaomba mbili na nusu upande wangu, tatu upande wa pili,
ajenge palepale.

Nyumba ya zamani haikuomba mtu ruhusa.
Ilizaliwa kabla ya kanuni,
ikasimama imebana mbavu
kama mtu anayepita kati ya viti kanisani.
Tulipeana chumvi dirishani bila kunyoosha mkono wote.
Nilikijua kikohozi cha Manuel kabla daktari hajakijua.

Halafu waya mmoja ukutani, saa nane usiku, Februari.
Moto haukupima mpaka.
Ulilamba rangi ya ukuta wangu, ukasita, sijui kwa nini,
ukarudi kwake.

Sasa, pana jambo sijamwambia binti yangu wala padri.
Buldoza lilipokwisha kuzoa masizi,
jua liliingia jikoni mwangu.
Miaka thelathini na nane nimekunywa kahawa
kwenye giza la saa tatu asubuhi;
ndipo nikaona meza yangu ni ya rangi ya asali.
Nikapanda mrehani kwenye kopo la nyanya.
Nikanunua pazia, nikalirudisha dukani.
Miaka mitatu ya jua.
Sikuuliza ni la nani.

Mwamba ngoma huvutia kwake, nami nilivuta.
Niliandika kwa penseli: hatari ya moto, maji ya paa,
thamani ya mali. Maneno safi, yaliyovaa tai.
Hakuna hata moja lililotaja mrehani.

Alhamisi, ukumbi wa manispaa, radieta ikigonga.
Wajumbe watano, jagi moja la maji.
Alitangulia mtu na kibao cha duka lake,
akafuata mwingine na ua wa mbwa.
Kisha Odília, koti bado limefungwa,
mwanawe ameshika plani kwa mikono miwili
kama shuka inayoanuliwa.

"Ugumu wenyewe ni upi, mama?" aliuliza mwenyekiti.
"Sheria haitambui huzuni. Inatambua umbo la ardhi."

Akafikiri.
"Umbo la ardhi ni jembamba," akasema.
"Na mlango nimeshanunua."

Karani peke yake ndiye aliyecheka, akajifanya anakohoa.

Wakaita majirani.
Karatasi ilikuwa mfukoni, imekunjwa mara nne.
Nikasimama; magoti yakatangulia kusema.
Nikasema mfereji wa paa umwage barabarani.
Nikasema ukuta uwe wa matofali.
Nikasema, "Na dirisha la jikoni lielekeane na langu,
kama zamani."

Mwenyekiti alivua miwani, akafunua kitabu.
"Chini ya futi tatu, ukuta hauruhusiwi dirisha.
Hata tundu."

Odília akageuka, akanitazama.
Sisi sote wawili tulikuwa hatujui.

Kura: nne kwa moja.
Nje alinishika kiwiko kwenye ngazi zenye barafu,
tukashuka bila neno, kila mmoja akimzuia mwenzake
asianguke, au tukivutana, sijui.

Leo wapimaji wamechomeka vijiti vyenye utepe wa rangi ya chungwa.
Mrehani nimeuhamishia mbele, hauupendi upepo wa mlangoni.
Jua bado liko mezani. Nimelifunika kwa kiganja.
Limepanda juu ya kiganja.