Shati la Keskil

Redio imesema: nyuzi hamsini na mbili chini ya sifuri,
darasa la kwanza hadi la tano wabaki nyumbani.
Nurgun yuko la tano. Anamshukuru Mungu kwa sauti.
Aitalina hajaanza hata shule
lakini naye anaruka kitandani: likizo ni likizo.

Baridi ya hapa haipigi hodi.
Mlango ukifunguka kiasi cha paka kupita
inaingia nyeupe, inatambaa sakafuni,
inapanda hadi magotini, inatafuta pa kukaa.
"Funga!" tunapaza wote, hata mavyaa wangu Balbaara,
ambaye hasikii kitu siku hizi isipokuwa mlango.

Asubuhi ni kazi ya maji.
Barafu tuliikata mtoni mwezi wa kumi na moja,
mapande marefu kama masanduku ya bibi arusi,
yamepangwa nyuma ya nyumba.
Mimi navunja kwa shoka, Nurgun anabeba kifuani
kama aliyebeba mwanakondoo,
tunatumbukiza kwenye pipa kando ya jiko,
na barafu inalia, tak, tak,
inakumbuka kuwa ilikuwa mto.

Balbaara ameenda zizini
kumvika ng'ombe sidiria yake ya manyoya ya sungura.
Msicheke. Chuchu zikiganda hakuna chai ya maziwa,
na bila chai ya maziwa Balbaara hasemi na mtu.

Jana nilianika nguo nje.
Ndiyo, nje. Baridi hukausha; hunywa maji kimyakimya
kama mgeni anayekula huku akisema ameshiba.
Leo nimezianua:
mashuka yamekuwa milango,
soksi zimekuwa visu,
na shati la Keskil limesimama wima,
mabega mapana, mikono wazi,
kama linauliza nani kachukua funguo zake.

Keskil yuko njiani siku ya tisa,
analeta unga na dizeli juu ya mto ulioganda.
Injini haizimi, hata akilala.
Ukiizima leo, huniambia, utaiwasha Mei.

Nililiingiza shati kwa ubavu;
mlango ni mwembamba kwa mtu wa mikono wazi.
Nikaliegemeza ukutani, karibu na jiko.
Aitalina akaacha uji,
akalishika mkono kwenye kifungo cha mwisho:
"Habari ya safari, baba?"
Nurgun alicheka. Kisha hakucheka tena.
Akavuta kigoda, akakisogeza chini ya shati.

Likaanza kulegea. Kwanza ukosi,
kisha bega la kushoto, lile analolilalamikia,
likainama polepole
kama mtu aliyeendesha usiku kucha
akaona taa ya kwao.
Likakaa.

Sikujua nitazame wapi.
Balbaara akaingia na ndoo, theluji kwenye kope,
akatazama shati, akatutazama sisi.
"Mpeni chai basi. Mnamkodolea macho ya nini?"
Akamimina mwenyewe, kikombe cha bluu, sukari vijiko vitatu,
akakiweka pale.

Simu ililia saa nane mchana, sauti vipande vipande:
"...nimevuka Aldani... barafu ilialika kidogo tu..."
Ilialika.
Neno lile lile la kumwita mtu harusini.
Nikajikaza nisiulize ilimwalika wapi.
"...nyinyi mnafanya nini?"

Nikageuka.
Chai ilishapoa, ikafanya utando.
Aitalina alikuwa ndani ya shati,
likimfika visiginoni, likinukia theluji,
amelala juu ya kigoda, mdomo wazi,
mikono mirefu ya baba yake imeburura hadi sakafuni.

"Tunapiga pasi," nikasema.