Akiba Inayooza

Saa tisa za usiku, Toruń, Novemba.
Ukungu wa mto Wisła umebandika uso kwenye dirisha la maabara,
nami natembea kwa soksi za sufu kati ya mapipa matatu
kana kwamba kuna mtoto wa kuamshwa.

Pipa la kwanza: nyuzi thelathini.
La pili: thelathini na mbili.
La tatu lilipanda hadi arobaini na tano Jumanne,
Gniewomir aliposinzia,
na asubuhi tukakuta supu ya maiti, harufu ya kabichi ya juzi.
Hatukumgombeza. Alijigombeza mwenyewe hadi mchana.

Chakula chao ni molasi,
nyeusi, nzito, iliyobaki kiwandani
baada ya viazisukari kukamuliwa na sukari kwenda zake.
Tunawapa hewa, tunawakoroga,
tunapima uchachu tone kwa tone: saba, usizidi, usipungue.
Wananenepa? Wapi.
Wanazaana tu, kama walioambiwa kesho haipo,
na hawaweki kitu.

Ili waweke, lazima niwatie njaa.
Si njaa ya sukari, sukari na ifurike.
Njaa ya naitrojeni: unafunga bomba la amonia,
unakunja mikono.

Mimi nimelelewa na bibi yangu Eufemia,
ambaye mgeni hakutoka kwake bila kulegeza mkanda.
Tulipomzika, chini ya godoro tukakuta
maganda ya mkate, makavu kama vigae,
yametiwa ndani ya soksi kumi na moja.
Vita vilikwisha zamani. Kabati lilijaa unga.
Mwili wake haukuliamini kabati.

Nilifunga bomba saa ya ishirini: mapema mno,
wakabaki wachache, wembamba.
Nikafunga saa ya arobaini: walikwisha kuizoea neema,
wakachelewa kuogopa.
Ishirini na sita. Ishirini na nane. Thelathini, umeme ukakatika.
Daftari lina mistari iliyofutwa kuliko iliyosalia.

Mara hii nilifunga saa ya ishirini na tisa.
Sasa nimechota tone, nimeinama kwenye darubini,
na kila kijidudu kimebeba punje
zinazong'aa, zimejaza mwili ukuta kwa ukuta.
Soksi. Soksi zilizojaa.

Asubuhi Gniewomir atakausha, atapima,
atataja asilimia kwa sauti iliyopasuka.
Kisha tutawapasua wao,
maana akiba iliyofichwa tumboni haina mlango mwingine.
Itasafishwa, itavutwa iwe uzi wa kushonea jeraha,
uzi usiorudishwa hospitali kukatwa:
mwili utaumeza wenyewe, taratibu,
na ukiutupa shambani, udongo nao utaula.

Akiba haiozi, husemwa.
Hii yetu inaoza, na kuoza ndiyo thamani yake.
Ganda moja la bibi ninalo hapa, juu ya jokofu.
Miaka tisa. Hata ukungu haulitaki.

Mkono wangu uko kwenye bomba la amonia.
Robo mzunguko tu, na wataanza kuila akiba yao,
wazaane tena, wasahau.
Bibi angefungua.
Natazama saa. Bado saa sita.
Chuma ni baridi, na mapipa yanapumua.